Ukuta Uliompa Perisi Miaka Miwili

Perisi Ndahani aliingia ukumbini saa tatu asubuhi, kabla sijamaliza kufungua mapazia. Mkononi alikuwa na barua aliyoikunja mara nne.

"Mla mbwa wewe," alisema. "Umeniua."

Alikuwa anacheka. Mimi ni Mhehe wa Iringa, yeye ni Mgogo wa Mvumi, na kwa mila makabila yetu ni watani. Tangu tufahamiane, miaka mitatu sasa, hajawahi kuniita kwa jina, ni mla mbwa tu, kama Wahehe tunavyotaniwa. Nami nilikuwa nikimwita ombaomba, kama Wagogo wanavyotaniwa, ingawa ndiye fundi bora wa pampu za jua katika Dodoma nzima na hajawahi kumwomba mtu hata maji ya kunywa. Kwa hiyo nilidhani ni yale yale.

"Nimekuua na nini leo? Uvivu?"

"Soma."

Nikasoma. *Kamati ya Foleni ya Kituo cha Viungo inakujulisha kwamba, kwa mujibu wa usomaji wa Ukuta, matarajio yako ya kuishi ni miaka miwili. Kwa hiyo jina lako limeondolewa katika orodha ya wanaosubiri figo.*

Nilirudia yale maneno matatu, usomaji wa Ukuta, mpaka yakaacha kuwa maneno. Nyuma yangu Ukuta wenyewe ulikuwa unaamka, kama kila asubuhi mwanga ukiugusa. Rangi ilikuwa inapanda taratibu kutoka chini, kijani kwanza, halafu rangi ya udongo.

"Walikupima lini?"

"Hawakunipima." Alikaa kwenye benchi la wageni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na bandeji mpya pale mashine ya kusafisha damu inapochomwa. "Sista aliniambia, nenda kaangalie ile sanaa, utachangamka. Nikaja. Si ulikuwepo? Nikaweka mate kwenye sanaa yako, nikataniwa, nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kumbe muuguzi aliyetuleta alikuwa anaandika, nilikuwa kwenye mtihani."

Nilikuwepo. Na ndilo lililonichoma. Mwezi mzima uliopita niliwaona wagonjwa wa Kituo wakija kwa makundi, wengine wakishikana mikono kupanda ngazi, na kila jioni nilirudi nyumbani na furaha kwamba kazi yangu inawachekesha watu wasio na cha kuchekea. Niliwapangia viti. Niliwachemshia chai.

"Perisi, ile miaka miwili ni utani."

"Mimi najua. Mgogo gani asiyejua?" Akaikunja tena barua yake, mara moja, mbili, tatu, nne. "Nenda ukawaambie wao."

*

Ukuta ulikuwa ngozi. Niliuotesha kutoka kwenye seli za ngozi yangu mwenyewe, juu ya nyavu laini, mita sita kwa tatu, nikaulisha maji ya sukari na chumvichumvi kupitia mrija unaotoka kwenye tangi la nyuma. Mgeni alilamba kidole, akakibonyeza ukutani, akataja jina lake na kabila lake. Hapo kazi mbili zilianza kwa wakati mmoja.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya msomaji. Seli zilionja mate, zikasoma vinasaba vilivyomo, kisha zikabadilisha rangi. Hakuna watu wawili waliopata rangi moja. Usomaji haukuandikwa popote. Baada ya saa moja seli zilikuwa zimeshausahau. Nililiandika hilo mlangoni kwa mkono wangu: *Hakuna atakayesoma mwili wako hapa, hata aliyeujenga ukuta huu.*

Kazi ya pili ilikuwa ya msimuliaji. Kila mtu anaijua habari ya kinyonga aliyetumwa kuwaambia watu kwamba hawatakufa, akajivuta njiani mpaka mjusi akamtangulia na habari ya kifo. Kwenye Ukuta, kinyonga wako alichorwa na seli mbele ya macho yako, akaanza kutembea. Kila hatua ilikuwa mwaka. Aliposimama, sauti ilikuambia kwa nini amesimama.

Sauti ile ilikuwa ya bibi yangu na ya wanawake wengine kumi na wanne wa Kihehe. Nilikuwa nimetembea nao misibani miaka miwili nikiwarekodi, hasa kwenye misiba ya Wagogo na Wangoni, maana huko ndiko walikokuwa hodari. Mtani hufika msibani akalala mahali pa marehemu, akajifanya maiti, akadai alishwe kwanza ndipo azikwe. Huwaambia wafiwa kwamba na wao hawana siku nyingi, wajitazame walivyokonda. Na wafiwa, ambao hawajatabasamu tangu jana, hucheka kwa machozi. Niliufundisha Ukuta kwa sauti hizo kwa sababu sikuwahi kusikia upendo unaosema kwa nguvu namna ile.

Kwa hiyo Ukuta ukawa Mhehe. Kwa mgeni asiye mtani ulikuwa na adabu zake zote, ukamtakia maisha marefu, kinyonga akatembea mpaka mtu akaona aibu kumsubiri. Lakini kwa mtani, kadiri ulivyompenda ndivyo ulivyomuua mapema.

Idadi ya hatua haikuhusiana na damu ya mtu hata kidogo. Niliandika hivyo kwenye maelezo ya maonyesho, ukurasa wa nne. Sasa najua hakuna mtu katika Dodoma yote, hata walionipa tuzo kwa kazi hiyo, aliyefika ukurasa wa nne.

*

Dk. Shekiondo, mwenyekiti wa Kamati ya Foleni, alinipokea kwa heshima. Alinivutia kiti mwenyewe. Sista Aneth, aliyetunza orodha, alikaa pembeni na kishikwambi mapajani, hakuniangalia.

"Kazi yako imetusaidia sana, dada Levina," alisema daktari. "Kwa wagonjwa wetu kumi na wawili Ukuta ulielekea njano, kila mmoja njano yake. Tukawapima. Wote kumi na wawili wana kisukari ambacho hatukukijua."

"Rangi ni kweli," nilisema. "Rangi inatoka kwenye mate. Hatua si kweli."

"Kwa nini kimoja kiwe kweli na kingine kisiwe?"

Mimi si mtu wa kugombana. Shuleni nilikuwa naomba ruhusa ya kutoka kwa kuandika kikaratasi. Nilianza kumweleza habari ya msomaji na msimuliaji, sauti ikawa inapotea, nikaona anaanza kutikisa kichwa kwa ule upole wanaotumia kwa wagonjwa. Basi nikamgeukia Sista Aneth.

"Sista, umeondoa wangapi?"

"Arobaini na sita."

"Nisomee majina ya ukoo."

Alimtazama daktari. Daktari akaruhusu kwa mkono.

"Ndahani," alisoma. "Chibago. Masima. Komba. Mhalila. Ngonyani. Chidumizi. Komba mwingine. Msagati. Ngonyani..." Akapunguza mwendo. Kidole chake kikasimama kwenye skrini.

"Endelea, Sista."

"Hapana," alisema Aneth, akakiweka kishikwambi mezani kifudifudi. "Nimeshaona."

Nilisimama, sikumbuki nikiamua kusimama. "Wagogo na Wangoni, daktari. Mmewatoa Wagogo na Wangoni. Mtu yeyote aliyewahi kuzika mtu katika nchi hii angesikia majina hayo akajua. Wewe huna watani? Baba yako alizikwa na nani?"

Aliona haya, nilimwona. Haya hiyo ikageuka kitu kingine upesi sana.

"Hilo ni dai," alisema. "Lithibitishe."

*

Tulikwenda ukumbini watatu mchana ule ule. Nilifunga mlango wa wageni.

"Lamba kidole. Sema jina lako na kabila lako."

"Shekiondo. Msambaa."

Ukuta ukachukua rangi ya majani ya chai, na mistari ya zambarau pembeni. Kinyonga akatokea kwenye kona, akatembea. Tulisimama pale tukimtazama. Sista Aneth alihesabu kwa sauti ya chini mpaka arobaini na tatu.

"Karibu, mgeni wetu," Ukuta ulisema. "Njia yako ndefu. Tembea salama."

"Kidole hicho hicho," nilimwambia. "Sema wewe ni Mgogo."

Alisita. Akasema.

Rangi ikarudi ile ile, majani ya chai na zambarau, mstari kwa mstari. Kinyonga akatoka kwenye kona ile ile. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Akakaa, akajisaidia haja kubwa, akafumba macho.

"Haa! Mgogo!" Ilikuwa sauti ya bibi yangu, ambaye tulimzika mwaka jana. "Kinyonga wako amechoka kabla hajaondoka! Tuachie basi na bakuli lako, kule uendako hakuna wa kumwomba!"

Sista Aneth aliziba mdomo. Alikuwa anacheka na kulia.

"Sema Mngoni," nilisema.

"Inatosha."

"Sema Mngoni, daktari."

Akasema. Hatua tano. Rangi haikubadilika hata nukta moja.

Dk. Shekiondo alifuta kidole chake kwa leso, akakifuta tena. Nilisubiri aseme samahani. Nilikuwa nimeshaandaa namna ya kuipokea.

"Kumbe chombo kina kasoro," alisema. "Kiondolewe. Msomaji ni mzuri, umeniambia mwenyewe. Mkate huyo msimuliaji. Hatua zifuate rangi. Unaweza?"

Ningeweza. Ilikuwa kazi ya wiki mbili.

"Watu hawakuja hapa kusomwa," nilisema.

"Sikiliza, dada." Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote. "Tunaotesha figo moja kila wiki sita. Wanaosubiri ni mia mbili na kumi na wawili. Nikimpa figo mtu ambaye moyo wake utasimama mwakani, nimezika watu wawili. Pale juu ya orodha sasa hivi yuko binti anaitwa Zamoyoni, ana miaka kumi na tisa. Wewe ungenishauri nimpe nani? Kwa macho yangu tu? Kwa anayejuana na mimi?"

"Na hawa arobaini na sita?"

"Chombo kikirekebishwa, watasomwa upya. Mwenye seli nzuri atarudi."

"Na asiye nazo?"

Alitazama Ukuta kama mtu anayetazama shamba alilokwisha kulinunua.

"Mpaka hapo orodha inabaki ilivyo," alisema, akatoka.

Sista Aneth alibaki nyuma akijifanya anafunga kiatu. "Kanuni inasema kila jina lisomwe upya kila mwezi," alisema bila kuinua kichwa. "Usomaji mpya ni keshokutwa. Na kipimo kikikosekana, foleni inarudi kwenye tarehe ya kujiandikisha." Akamaliza kufunga kiatu kisichokuwa na kamba. "Mimi sijasema kitu."

*

Perisi nilimkuta kwenye mashine. Huwa anakaa pale kwa saa nne, mara tatu kwa wiki, na damu yake inatoka mkononi kwenye mrija mmoja, inarudi kwenye mwingine. Nilimweleza yote.

"Naweza kuurekebisha," nilisema. "Useme ukweli. Huenda una miaka thelathini. Huenda ukarudi juu."

"Huenda."

"Ndiyo."

"Na ukisema mwaka mmoja, halafu ni kweli?"

Nilitazama mrija.

"Mhehe wangu," alisema, na haikuwa sauti ya utani. "Mama yangu alikufa na thelathini na tisa. Mimi nina thelathini na nane. Unafikiri sijawahi kujiuliza? Nikijua nina kumi, nitakuwa naihesabu badala ya kufunga pampu. Nikijua nina mmoja, nitalala nisiamke. Mimi nataka figo. Sitaki habari."

"Basi kilichobaki ni kuuua."

"Uue nini?"

"Ukuta."

Aliirekebisha bandeji kwa vidole. Mashine ikawa inahema kando yake.

"Ile sauti ya bibi yako," alisema, "unayo mahali pengine?"

"Hapana. Zile rekodi nilizifuta zilipoingia kwenye seli. Niliona ndiyo heshima. Ikae kwenye kitu kilicho hai, au isikae."

"Msomi mzima, mjinga hivyo." Lakini aliufikisha mkono wake usio na sindano mpaka kwenye wangu. "Mimi sikutumi, Levina. Usije ukasema Perisi alinituma."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina.

*

Nilinunua chumvi ya mawe kilo ishirini sokoni Majengo, mchana kweupe. Mama muuzaji aliniuliza kama nina ng'ombe. Nikasema nina ukuta.

Nimekaa nikifikiri jinsi ya kuieleza kazi hiyo, lakini haikuwa na la kueleza. Nilifungua tangi, nikamimina, nikakoroga kwa mpini wa fagio mpaka maji yakawa meupe. Kisha nikarudi mbele nikasimama.

Ilianzia chini. Kijani kikawa kijivu, kijivu kikawa rangi ya majani makavu. Ngozi ilijikunja kwenye nyavu kwa sauti ndogo, kama karatasi. Mikono yangu miwili ilikuwa inaniwasha mpaka mabegani, na sijui kama ni huzuni au ni kwa sababu ilikuwa ngozi yangu. Nilikuwa na hasira na daktari, na wale walionikabidhi tuzo bila kusoma kurasa nne, na mimi niliyechukua kitu ambacho kinaishi kati ya watu wawili wanaojuana, nikakiweka ukutani mbele ya kila mtu.

Ukavu ulipofika usawa wa kifua, nililamba kidole nikakibonyeza mahali palipokuwa bado na rangi.

"Levina," nilisema. "Mhehe."

Hapakuwa na kinyonga. Seli hazikuwa tena na nguvu ya kumchora.

"Kamwene, mwanangu," sauti ilinisalimu kwa Kihehe, kwa ile adabu tunayowekeana sisi wenyewe. Kisha sehemu ile nayo ikakauka.

Dk. Shekiondo alifika nikiwa bado nimesimama. Alitazama Ukuta, akatazama gunia tupu.

"Unajua umefanya nini?"

"Ndiyo. Andika jina langu vizuri. Kihwele, kwa H."

"Utashtakiwa."

"Nishtaki. Lakini mahakamani utaulizwa ulipataje ile miaka miwili, na utajibu mbele ya Wagogo."

*

Foleni ilisomwa siku iliyopangwa, kwenye ua wa Kituo, saa nne asubuhi. Sista Aneth alitumia daftari la karatasi, lile la tarehe. Wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa Kondoa, ambaye aliposikia jina lake hakuinuka, ikabidi mkewe amsukume. Yeye angepata figo iliyokuwa tayari.

"Wa pili, Perisi Ndahani."

Wiki sita. Perisi alinitafuta kwa macho kati ya watu, akanyoosha vidole viwili juu, halafu akaniambia kwa midomo bila sauti, mla mbwa. Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu mpaka watu wakageuka.

Sista Aneth aliendelea kusoma. Kumi. Ishirini. Yale majina arobaini na sita yakaanza kurudi moja moja mahali pake, na kila mara palikuwa na mtu aliyeshusha pumzi. Alipofika thelathini na moja, alisoma, "Zamoyoni Mbwambo," bila kuinua kichwa.

Mwanamke mmoja alisimama safu ya mbele. Alikuwa amevaa kitenge kipya, kilichokuwa bado na mkunjo wa dukani.

"Sista, umekosea. Mwanangu ni wa kwanza."

"Alikuwa wa kwanza kwa Ukuta, mama. Ukuta haupo."

Mwanamke yule alihesabu kwa vidole. Wiki sita mara thelathini. Alihesabu mpaka vidole vikamwishia, akaanza upya, akaacha. Kisha akauliza ni nani, na mtu mmoja akamwonyesha nilipo.

Alikuja taratibu. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa nimeshaamua kutokwepa.

"Wewe ndiye uliyeuua ule ukuta?"

"Ndiyo, mama."

"Ulimpa mwanangu miaka sitini na mbili. Tulisimama pale tukimhesabia kinyonga, mimi na yeye, mpaka akasema mama, miguu inauma, tukae. Sitini na mbili."

"Ukuta ulikuwa na adabu tu, mama. Ulikuwa haumjui."

"Kwa hiyo ana mingapi?"

Hasira yangu yote niliyokuja nayo asubuhi ile, niliyoipangia maneno kwa ajili ya daktari na kamati yake, niliitafuta nikakuta haina pa kuelekea.

"Sijui," nilisema. "Hakuna anayejua. Wala mimi, wala wao."

"Na hilo ndilo uliloniletea."

"Ndiyo, mama."

Hakunipiga. Alirudi kwenye benchi lake, akaketi, akalainisha ule mkunjo wa kitenge kwa kiganja, mara nyingi, kana kwamba ungekwisha. Upande wa pili wa ua Perisi alikuwa ananipungia niende, watu wake wamemzunguka, kuna aliyekuwa ameshaanza kupiga vigelegele.

Nilivuka, lakini si kwa Perisi. Nilikwenda nikakaa kwenye lile benchi, kando ya mama Zamoyoni. Alisogea kidogo, sijui kunipa nafasi au kunikwepa. Nikabaki hapo mpaka Sista Aneth alipolifunga daftari.